Polygon, Giant Bomb na kosa la kununua jina bila watu

Ndani ya siku kumi za mwanzo wa Mei 2025, tovuti mbili za Marekani zinazojulikana sana na wapenzi wa gemu, filamu na vibonzo zilibadili wenyewe. Tarehe 1, Vox Media iliiuza Polygon, tovuti iliyoianzisha mwaka 2012, kwa kampuni ya Valnet ya Montreal, na siku hiyohiyo wahariri na waandishi wengi, akiwemo mwanzilishi mwenza Chris Plante, wakapoteza kazi. Siku chache baadaye Jeff Bakalar na Jeff Grubb wakatangaza kwamba wameinunua Giant Bomb kutoka kwa mwajiri wao, kampuni ya Fandom, na kwamba kuanzia hapo itaendeshwa na wafanyakazi wake. Mashabiki waliipokea habari ya kwanza kama msiba na ya pili kama muujiza. Nadhani zote mbili zimesomwa vibaya, na kwa sababu moja: watu wanazungumzia tovuti kana kwamba ni kitu kimoja chenye wasomaji wa aina moja. Tovuti ya namna hii ina wageni wawili tofauti kabisa, mpita njia na mwenyeji. Mpita njia hufuata jina. Mwenyeji hufuata watu. Mnunuzi anayelipia wote wawili kisha akawafukuza watu amebaki na mmoja tu, na huyo aliyebaki ndiye anayezidi kuwa haba.

Mpita njia ni yule aliyekwama kwenye gemu saa nne usiku. Anaandika swali lake Google, anafungua jibu la kwanza au la pili, anasoma aya moja, anaondoka. Hajui aliyeandika ni nani na hana haja ya kujua. Faida yake kwa mwenye tovuti ni tangazo lililopita mbele ya macho yake kwa sekunde chache, kwa hiyo faida haiji mpaka wawe mamilioni, na ili wawe mamilioni unahitaji kurasa nyingi mno na anwani ya zamani ambayo Google imeizoea. Uzalishaji wake una utaratibu unaojulikana: mhariri anaangalia watu wanatafuta nini wiki hiyo, anagawa vichwa vya habari, mwandishi wa mkataba analipwa kwa makala, makala inafuata umbo lilelile la jana. Jinsi ya kumshinda adui fulani, mwisho wa filamu fulani unamaanisha nini, msimu wa pili unatoka lini. Valnet, ambayo pia inamiliki Screen Rant, CBR, Collider na TheGamer, imeijenga biashara yake juu ya mgeni huyu, na haifichi.

Mwenyeji ni mtu mwingine. Anasikiliza podikasti ya saa mbili au tatu kila wiki akiwa anafua au anaendesha gari. Anajua kwamba mtangazaji huyu hapendi gemu za kutisha, kwa hiyo siku akisifia moja, sifa hiyo ina uzito. Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kumwelewa. Kwenye vibanda umiza na kwa wauza sidii, swali la kwanza lilikuwa filamu imetafsiriwa na nani. Filamu ni ileile ya Hong Kong au Hollywood, lakini ukisema ni ya Lufufu, au kwa Kenya ukisema ni ya DJ Afro, watu wanakaa. Lebo iliyobandikwa kwenye kasha haikumleta mtu. Sauti ilimleta.

Giant Bomb yenyewe ilizaliwa kutokana na jambo hilo. Mwishoni mwa Novemba 2007 Jeff Gerstmann alifukuzwa GameSpot, tovuti iliyokuwa ya CNET Networks, baada ya kuipa gemu ya Kane & Lynch alama 6 kati ya 10 wakati kurasa za tovuti hiyohiyo zimejaa matangazo ya gemu hiyo yaliyolipiwa na mchapishaji wake, Eidos. Wenzake kadhaa wakaondoka baada yake: Ryan Davis, Alex Navarro, Brad Shoemaker, Vinny Caravella. Mwaka 2008 Gerstmann na Davis wakafungua Giant Bomb chini ya kampuni ya Whiskey Media, wengine wakajiunga nao kwa nyakati tofauti, na mwaka 2010 wakaanza kutoza ada ya uanachama, wakati ambao watu wengi kwenye fani waliamini hakuna atakayelipia kuwasikiliza wanaume watano wakibishana kuhusu gemu. Walilipiwa. Machi 2012 CBS Interactive, ambayo tayari ilikuwa mmiliki wa GameSpot, ikainunua Giant Bomb, na hapo ndipo Gerstmann aliporuhusiwa kueleza hadharani alivyofukuzwa. Kwa maneno mengine, kampuni iliyorithi jina ililazimika kununua tena, kwa fedha, watu ambao jina hilo liliwafukuza bure.

Kilichofuata ni miaka kumi na mitatu ya kuuzwa na kuuzwa tena. Mwaka 2020 kundi zima la tovuti za CNET, lililokuwa mikononi mwa CBS, na Giant Bomb ndani yake, liliuzwa kwa Red Ventures kwa dola milioni 500. Mwaka uliofuata Shoemaker, Caravella na Navarro wakaondoka na kufungua Nextlander, wakilipwa moja kwa moja na wasikilizaji kupitia jukwaa la Patreon. Mwaka 2022 Gerstmann naye akaenda kuanzisha kipindi chake. Oktoba 2022 Fandom ikanunua GameSpot, Metacritic, GameFAQs, Giant Bomb na nyingine kadhaa kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 55. CNET yenyewe, tovuti ya habari za teknolojia, ilikuja kuuzwa kwa Ziff Davis mwaka 2024 kwa kidogo zaidi ya dola milioni 100. Soko la matangazo lilishuka kwa kila mtu, na vipande vingine viliuzwa kando, kwa hiyo si haki kuyabebesha maamuzi ya Red Ventures shimo lote hilo. Lakini ni kampuni hiyohiyo iliyoiacha CNET ichapishe makala 77 za fedha zilizoandikwa na mashine, na 41 kati ya hizo zikahitaji kusahihishwa. Moja ilimwambia msomaji kwamba dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 zitamzalishia dola 10,300 kwa mwaka, wakati jibu ni dola 300. Jina lililojengwa tangu miaka ya 1990 na watu waliojua kuhesabu lilitumiwa kama muhuri juu ya kazi ambayo hakuna aliyeipitia kwa makini.

Mfano wa The Escapist, tovuti nyingine ya gemu, uko wazi zaidi kwa sababu ulitokea haraka. Ben Croshaw, anayejulikana kwa jina la Yahtzee, alikuwa ametengeneza uhakiki wake wa kila wiki, Zero Punctuation, hapo tangu 2007. Novemba 2023 wamiliki, Gamurs Group, walimfukuza mhariri mkuu Nick Calandra kwa madai kwamba hakufikia malengo. Timu nzima ya video ikajiuzulu, Yahtzee akiwa miongoni mwao, na ndani ya siku chache wakafungua chaneli yao wenyewe, Second Wind. Gamurs walibaki na jina Zero Punctuation, rangi zake na video za miaka kumi na sita. Yahtzee alibaki na sauti yake, mwendo wake wa kuongea na ratiba yake ya kila Jumatano, akaipa kazi jina jipya, Fully Ramblomatic, na watazamaji wakahama naye. Kisheria, kampuni ilibaki na karibu kila kitu.

Hapa inafaa kushuka kwenye vifaa vyenyewe, kwa sababu ndipo mambo yanapoharibika na waandishi wengi huwa hawajui mpaka siku ya kuondoka. Tovuti ya aina hii ni mali sita au saba zilizofungwa pamoja: anwani ya intaneti, alama ya biashara iliyosajiliwa, hifadhi ya makala na video, mlisho wa RSS wa podikasti, chaneli ya YouTube, orodha ya barua pepe, na taarifa za kadi za wanachama zilizo kwa msindikaji wa malipo kama Stripe. Kila moja ina mwenye ufunguo wake. Mlisho wa podikasti ndio unaodharauliwa zaidi, na ndio wenye thamani kuliko unavyodhani. Msikilizaji aliyebonyeza kitufe cha kufuatilia miaka minane iliyopita hajawahi kukitazama tena. Simu yake inakwenda kwenye anwani ileile kila siku kuuliza kama kuna kipindi kipya. Mwenye anwani hiyo akikubali, anaweka agizo la kuelekeza upya, namba 301, pamoja na alama ya anwani mpya ndani ya faili la mlisho. Apple hushauri agizo hilo liachwe kwa wiki nne angalau ili programu zote zipate muda wa kulisoma. Akikataa, kila msikilizaji inabidi asikie habari mahali pengine, atafute jina jipya, ajiunge upya. Asiyepita mitandaoni wiki hiyo anapotea. Kwa kadi ni vigumu zaidi: Stripe huweza kuhamisha taarifa za malipo kutoka akaunti moja kwenda nyingine, lakini ni kwa ridhaa ya mwenye akaunti ya kwanza. Bila ridhaa hiyo, kila mwanachama anaanza kuandika namba za kadi yake upya, na wengine hawafiki mwisho wa fomu.

Ukiliona hilo, ununuzi wa Giant Bomb unaonekana kwa sura nyingine. Wiki zilizotangulia, Fandom ilikuwa imeleta masharti mapya ya kulinda sura ya kampuni mbele ya watangazaji, na kipindi cha 888 cha podikasti, ambamo watangazaji waliyatania masharti hayo, kikaondolewa. Dan Ryckert na Mike Minotti wakatangaza kuondoka. Fandom ilikuwa inaelekea kushika kabati tupu. Wangeondoka wote kama wa Second Wind, kampuni ingebaki na hifadhi na mlisho ambao wasikilizaji wake wanawafuata watu waliokwisha kwenda. Kuwauzia wenyewe ndiyo njia pekee ambayo mali zile sita au saba ziliendelea kuwa na thamani kwa yeyote. Bei haikutangazwa, lakini muuzaji aliyeuza ili asibaki na kitu kisichofaa hawezi kuitwa mfadhili, na mnunuzi aliyepata mlisho, hifadhi na wanachama wake wa zamani bila kuvunjika hajapata muujiza. Amepata bei ya haki.

Sasa hoja za upande wa pili. Iliyo dhaifu kuliko zote husikika mara nyingi zaidi: kwamba watu hawalipii maneno na maongezi mtandaoni, kwa hiyo waandishi hawa watarudi wakiomba kazi. Hesabu inaipinga. Chukua timu ya watu watano Marekani, kila mmoja alipwe dola 4,000 kwa mwezi. Hiyo ni 20,000. Ongeza asilimia 30 ya kodi za mwajiri na bima ya afya, ambayo huko mtu huipata kazini, unafika 26,000. Seva, wakili, mhasibu na vifaa viwe 2,000. Jumla 28,000. Ada ikiwa dola 7 kwa mwezi, kiasi ambacho Aftermath, tovuti ya gemu inayomilikiwa na waandishi wake watano, walianza nacho Novemba 2023, na makato ya kawaida ya kadi ni asilimia 2.9 na senti 30, mkononi inabaki dola 6.50. Unahitaji wanachama takriban 4,300. Kwa tovuti inayoishi kwa matangazo, wasomaji 4,300 si kitu. Kwa hawa ni mishahara yote. Defector, iliyoanzishwa 2020 na waandishi waliojiuzulu tovuti ya michezo ya Deadspin baada ya kuamriwa waandike michezo tu, ilimaliza mwaka wake wa kwanza na mapato ya dola milioni 3.2, na zaidi ya tisa ya kumi yalitoka kwa wanachama.

Kinachowaangusha wanaoanguka huwa ni mambo madogo ya fedha. Wa kwanza ni mtego wa ada ndogo: ukiweka dola 1 ili usimwache mtu nje, zile senti 30 na asilimia yake zinakula theluthi nzima. Malipo ya mwaka ndiyo dawa. Dola 70 mara moja hukatwa kama dola 2.33, wakati dola 7 mara kumi na mbili hukatwa zaidi ya dola 6, na tena mwanachama wa mwaka hana nafasi kumi na mbili za kubadili mawazo. Wa pili ni kadi zilizokwisha muda au zilizokataliwa na benki. Mtu hajaamua kuondoka ila mfumo umemwondoa, na usipopanga malipo yajaribiwe tena siku ya tatu na ya saba, pamoja na barua pepe ya kumkumbusha, hutajua alikokwenda. Ikiwa asilimia 4 wanatoka kila mwezi kati ya wale 4,300, lazima uingize wapya 172 kila mwezi ili ubaki palepale. Wa tatu ni dalali. Patreon hukata asilimia 10 kwa akaunti zilizofunguliwa tangu Agosti 2025, na anayejiunga ndani ya programu ya iPhone anaweza kuongezewa makato ya Apple ya hadi asilimia 30. Ndiyo maana utawasikia watangazaji wakirudia kila wiki: jiungeni kwa kivinjari, si kwa programu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: kwamba jina huwashinda watu. Ushahidi wake mzuri uko kwa Fandom hiyohiyo, kwenye kamusi elezo za gemu zinazoandikwa na kuhaririwa bure na wachezaji. Mwaka 2023 wahariri wa kamusi elezo ya Minecraft waliihamisha kazi yao nje ya Fandom, kwa kuwa leseni inaruhusu kunakili maandishi yote. Fandom huwa haifuti nakala ya zamani wahariri wanapoondoka. Matokeo yake anayetafuta kitu Google anaweza kukutana na nakala iliyoachwa kabla ya ile inayotunzwa, na watu wakatengeneza hata programu ndogo za kivinjari za kumhamisha msomaji kwenye nakala hai. Nakubali kabisa: kwa mpita njia jina linashinda, na linaweza kushinda kwa miaka. Ila ushindi huo unategemea Google iendelee kumleta. Tangu Mei 2024 Google Marekani inaweka jibu lililotungwa na mashine juu ya orodha ya tovuti, na maswali inayoyajibu vizuri ni yaleyale mafupi ya mpita njia. Anayenunua tovuti leo kwa ajili ya mgeni huyo ananunua duka lililo kwenye barabara inayochepushwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza, kwa sababu sina jibu lake kamili. Bakalar, Grubb, watano wa Aftermath, wote walijulikana wakiwa wanalipwa mshahara na kampuni za watu wengine. Mtu aliwalipa wakiwa bado hawajulikani. Timu ya watu watano wenye wanachama 4,300 haina mshahara wa sita wa kumpa kijana wa miaka 22 ajifunze kuhakiki gemu, akosee, asahihishwe. Haina pia wakili wa kudumu wa kusimama mbele ya mchapishaji aliyekasirika, jambo ambalo Vox Media iliweza kuwapa Polygon. Kazi ya uchunguzi ya miezi minne kuhusu studio inayowafanyisha watu kazi usiku na mchana inaandikwa na mtu anayelipwa hata miezi ambayo hakuchapisha kitu. Wanaoshangilia uhuru wa Giant Bomb wanapaswa kuliangalia hili bila kupepesa: mfumo huu unawaokoa walio na majina, na mlango wa kupatia jina unafungwa nyuma yao. Kwenye Polygon ya zamani mlango huo ulikuwa wazi, na hasara hiyo ni kubwa kuliko idadi ya waliopoteza kazi siku ile ya Mei.

Baadhi wameanza kuufungua kidogo. Njia inayowezekana ni ya fungu maalumu kwa waandishi wa nje, linalotengwa kabla mishahara haijagawanywa, si baada. Asilimia 5 ya zile dola 28,000 ni 1,400 kwa mwezi, zinatosha makala nne au tano za kulipwa vizuri na kuhaririwa kwa uvumilivu. Ikisubiri kitakachobaki, haitabaki. Nyingine ni wanachama wenyewe kuambiwa wazi kwamba sehemu ya ada inamlipa mtu ambaye bado hawamfahamu. Wenyeji huelewa. Ndio waliokuwa wakimsikiliza Gerstmann kabla hajawa Gerstmann.

Kwa wanaonunua, kuna matukio mawili ya karibuni ya kuwafundisha. GameStop ililifunga jarida la Game Informer, lililokuwepo tangu 1991, Agosti 2024, na tovuti yote ikatoweka siku ileile, ukabaki ujumbe mmoja wa kwaheri. Machi 2025 lilirudi chini ya Gunzilla Games, na lililorudi lilikuwa jina pamoja na timu nzima, kwa sababu mnunuzi alielewa kwamba moja bila nyingine halina kazi. Rooster Teeth, kampuni ya video za mtandaoni ya Texas, iliyozaliwa 2003 na kufungwa na Warner Bros. Discovery 2024, jina lake lilirejeshwa Februari 2025 na Burnie Burns, mmoja wa walioianzisha. Warner haikukosa fedha za kulitunza jina lile. Ilikosa mtu wa kuongea kwa jina lile akasikilizwa.

Polygon itaendelea kuwepo, na huenda ikachapisha kurasa nyingi kuliko zamani. Cha kutazama huko ni majina yaliyo chini ya vichwa vya habari: ni mangapi yanarudi mwezi baada ya mwezi. Kwa Giant Bomb kipimo ni Mei 2026, mwezi wa waliojiunga kwa mwaka mzima katika wiki ile ya shangwe kukatwa ada ya pili, shangwe ikiwa imepoa na kadi nyingine zikiwa zimekwisha muda. Na kwa yeyote anayesaini sasa mkataba wa kuandika au kutangaza kwenye tovuti ya mtu mwingine, kuna kifungu kimoja cha kuuliza kabla ya mshahara: siku nikiondoka, mlisho wa kipindi changu utaelekezwa wapi, na kwa wiki ngapi.